Shawa ya umeme ikitoa maji baridi, sikiliza "tak"

Baridi hii ya Julai hapa Nairobi, kabla hujamwita fundi, fungulia maji hadi mwisho na usikilize shawa. Ndani yake kuna mpira mwembamba ambao hubonyezwa na presha ya maji ili uunganishe umeme. Ukiunganika, husikika "tak" ndogo. Usipoisikia, mara nyingi maji yanaingia kwa unyonge. Zima swichi ya shawa na ile ya kwenye boksi la umeme (zote mbili, tafadhali, hata kama una haraka), funga koki, fungua shawa pale inapoungana na bomba, utoe kichujio. Maji ya kisima hukijaza mchanga na kutu. Kisugue kwa mswaki wa zamani, ukirudishe. Maji yatiririke kwanza ndipo uwashe umeme, la sivyo koili (waya unaopasha maji) inaweza kuungua.

Ukisikia "tak" na maji bado ni baridi, presha haina kosa: koili imekatika au umeme haufiki. Hapo mwachie fundi. Na kwa mnaokaa ghorofa ya juu kabisa, karibu na tangi, ambako presha huwa ndogo, kusugua pekee huenda kusitoshe. Mtahitaji pampu ndogo.