Kabla hujalipia nyumba ya mradi Arusha

Ukienda kutazama nyumba kwenye mtaa uliopangwa, mfano Safari City ya Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), usiishie kusifia barabara na vigae. Omba kanuni za mtaa kwa maandishi: unaruhusiwa kufuga kuku, kufungua kiduka, kuongeza banda la mpangaji, kupandisha ukuta? Wengi hupenda utaratibu mpaka siku unapowabana wao. Ulizia pia ada ya ulinzi, taka na taa, na nani mwenye mamlaka ya kuipandisha. Kwenye hati ya ardhi angalia miaka ya umiliki iliyobaki. Haizidi 99 tangu itolewe. Kama mtaa unatumia kisima, dai majibu ya kipimo cha floraidi, maana huku kwetu madini hayo yanaharibu meno ya watoto.