Kusoma viwango vya madini kwenye Elite Dangerous: pete kwanza, mwamba mwisho

Wiki iliyopita tulikuwa barazani hapa Langoni, mjini Amu (Lamu), kijana mmoja wa mtaani akanipa simu yake nitazame picha aliyoipiga kwenye skrini. "Ami, hebu angalia. Mwamba umeandikwa High, nimeupiga leza mpaka ukaisha, nimepata tani mbili tu za platinamu. Mchezo umeharibika?"

Mchezo ni mzima. Alisoma neno lisilohusu mzigo alioufuata, akairuka namba iliyouhusu, na zote mbili zilikuwa mbele yake kwenye ubao uleule. Nimeshawaeleza vijana wengi jambo hili kwa mdomo, leo naliandika lote. Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa kurusha meli za angani, ina viwango vya aina tatu vinavyomhusu mchimbaji: cha pete (ule mkanda wa miamba unaoizunguka sayari), cha eneo ndani ya pete, na cha mwamba mmoja mmoja. Kila kimoja kina kazi yake, na hakuna kinachoweza kusimama mahali pa mwenzake.

Hatua ya 1: Jua aina ya pete kabla hujang'oa nanga

Ukiwa bado kituoni, fungua ramani ya mfumo, yaani nyota na sayari zake, chagua sayari yenye pete, usome maelezo yaliyo pembeni. Pete ziko za aina nne: Icy ni ya barafu, Rocky ya mawe, Metal Rich ina mchanganyiko wenye metali nyingi, na Metallic ni ya metali hasa.

Ukitaka platinamu, nenda Metallic. Ukitaka tritiamu, ambayo ndiyo mafuta ya zile meli kubwa za kubeba meli nyingine, nenda Icy. Huko Icy ndiko viliko pia vito viitwavyo Void Opals na zile almasi za baridi kali. Ukikosea aina ya pete, hata uchimbe usiku kucha hutapata unachokitaka, kwa sababu hakipo.

Hatua ya 2: Soma kiwango cha akiba

Maelezo hayohayo ya sayari yana neno moja kati ya matano. Kuanzia la juu kwenda chini ni Pristine, Major, Common, Low na Depleted. Hiki ndicho kiwango cha akiba ya pete. Pristine ndiyo pete iliyojaa, Depleted ndiyo iliyo hafifu kuliko zote.

Mimi siendi popote pasipo Pristine. Galaksi ya mchezo huu imejengwa kwa kipimo cha Njia ya Maziwa yenyewe, ina mifumo kiasi cha bilioni 400, kwa hiyo pete za Pristine hazina uhaba. Kuruka mara tatu zaidi kuifuata Pristine ni bora kuliko kukaa saa mbili kwenye Low iliyo karibu.

Lakini shika hili: neno hilo linaisema pete nzima. Ndani ya Pristine kuna miamba mingi isiyo na kitu.

Hatua ya 3: Piga ramani ya pete, upate hotspoti

Hapa unahitaji skana ya uso wa sayari. Rusha vichunguzi kwenye pete mpaka ramani ikamilike, na maeneo yenye madini mengi ya aina fulani yatajitokeza. Wachezaji huyaita hotspoti. Ukiona Platinum na pembeni yake namba 2, maana yake pete ina hotspoti mbili za platinamu. Namba hiyo ni hesabu ya maeneo, haipimi ubora. Wengi huifuata pete yenye 3 wakidhani ni tajiri mara tatu.

Hotspoti inakuongezea uwezekano wa kukuta madini yale, haikupi ahadi. Lenga karibu na kitovu chake, ushuke.

Fika na shehena isiyo na kitu ila limpeti, vile vyombo vidogo vya kurusha vinavyomsaidia mchimbaji. Maharamia huja kukukagua mara tu unaposhuka, na wakikuta huna mali mara nyingi huenda zao.

Hatua ya 4: Pima kila mwamba kwa limpeti

Hapa ndipo faida ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Marehemu ami yangu alikata mawe ya kujengea kule Maweni, kisiwani Manda, yale yanayovushwa kwa jahazi kuletwa Amu. Hakuanza kukata ovyo. Aligonga kwa nyundo, akatega sikio, akasogea hatua mbili, akagonga tena. Mimi nilikuwa mtoto, nikiona anapoteza muda. Kumbe mikono yake ilikuwa inajiepusha na kazi ya bure.

Limpeti ya upimaji ndiyo nyundo yako. Irushe kwenye mwamba, ungoje ijibandike, kisha soma ubao. Utaona majina ya madini na asilimia ya kila moja. Asilimia ya madini unayoyataka ndiyo namba ya kuitazama. Mtambo wa kusafishia haukupi tani mpaka pipa lake lifike 100, kwa hiyo platinamu ya asilimia 9 inakukusanyisha vipande vingi kwa tani moja, na ya 40 hujaza pipa upesi. Tena, mwamba uliopimwa hutoa vipande vingi kuliko usiopimwa, kwa hiyo limpeti haiendi bure.

Kwenye platinamu mpaka wangu ni 25. Chini ya hapo napita, hata kama nimeshapita kumi mfululizo. Usiuhurumie mwamba kwa sababu umeufuata mbali.

Sasa lile neno lililomponza kijana. Ubao huohuo huandika Material Content, ikifuatiwa na High, Medium au Low. Hicho ni kiwango cha malighafi kama chuma, nikeli na kaboni, zinazotumika kuboresha na kutengeneza vifaa vya meli. Hakihusu platinamu yako hata kidogo. Kama hukwenda kutafuta malighafi, kiache.

Jihadhari na High nyingine

Ndani ya pete kuna pia maeneo yaliyowekewa alama ya uchimbaji, yakiitwa Low, High au Hazardous. Maneno haya usiyachanganye na akiba. Yakusomeshe hatari: kadiri yanavyopanda ndivyo maharamia wanavyozidi, na kwenye Hazardous askari wa mfumo hawaji kukuokoa. Wawindaji wa maharamia hupenda huko. Mchimbaji mwenye meli nzito ya mizigo akae mbali.

Jana usiku kijana alinitumia picha nyingine. Alikuwa ameruka miamba minane, akasimama kwenye wa tisa. Platinamu, asilimia 44. Mstari wa Material Content, chini yake, umeandikwa Low.