Kabla hujanunua pikapu ya dizeli Marekani, cheki ekzosi kwanza

Mlioko Marekani mnaotafuta pikapu ya dizeli iliyotumika, hili muuzaji hawezi kukwambia. Kule kuna watu wanachokonoa injini makusudi, wakikanyaga mafuta litoke wingu jeusi tii wamfukizie mwendesha baiskeli au mwenye gari la umeme, na pikapu unayouziwa inaweza kuwa mojawapo. Sio kama lori letu linalofuka kwa uzee, hii ni kusudi kabisa, dizeli inamwagwa nyingi kuliko hewa iliyopo kwahiyo haiungui yote.

Sheria ya shirikisho, Clean Air Act, inakataza kung'oa au kuzima vifaa vya kupunguza moshi. Juu ya hapo kuna majimbo yana sheria zao za kukataza moshi huu wa makusudi, New Jersey walipitisha 2015 na faini inaweza kufika dola 5,000, Maryland na Colorado wakafuata 2017. Colorado faini dola 100 tu, hela ya kujaza tenki hiyo jamani!

Sasa kukagua. Fika injini ikiwa imepoa, ingiza kidole ndani ya bomba la ekzosi. Pikapu nyingi za kuanzia 2007 zina chujio la masizi, wenyewe wanaita DPF, kwahiyo bomba linatakiwa liwe karibu safi, kidole kikitoka cheusi kama umepangusa sufuria ya kuni basi chujio limetolewa au limepasuka. Ingia uvunguni pia, ukikuta bomba limenyooka tupu mbele mpaka nyuma na alama mpya za kuchomelea, ushajua. Za miaka ya karibuni zina tenki la DEF, kimiminika cha kupunguza sumu kwenye moshi, mfuniko wa bluu, mara nyingi jirani na mdomo wa dizeli. Likiwa kavu na dashibodi imenyamaza tu bila taa ya onyo, kompyuta imechezewa. Mwisho mwambie muuzaji akanyage mafuta ghafla uone kama linatoka wingu jeusi, we simama pembeni, sio nyuma.

Akisema "vifaa vyake vipo kwenye boksi, utarudishia", mwambie arudishie yeye kwanza, maana gharama ni maelfu ya dola na California haipiti ukaguzi hivyo.

Na ukifukiziwa wewe barabarani usimkimbize, shika namba ya gari, mahali, saa, na video kama una kamera, halafu piga namba ya kawaida ya polisi, 911 ya dharura iache mpaka awe amekugonga au anakutishia.