Thailand na mwezi mpevu: itazame tarehe ya muhuri wako mapema

Mwaka 2025 muhuri kwenye pasipoti yangu, ule unaoonyesha siku ya mwisho ya kukaa Thailand, uliisha Alhamisi, tarehe 10 Julai. Kaka yangu aliyeko Dar alikuwa ameshanikatia tiketi ya Jumapili ya tarehe 13, kisa bei ilikuwa nafuu. Nikapanga hiyo Alhamisi niende uhamiaji, nilipe baht 1,900, niongezewe muda. Nikakuta geti limefungwa.

Ilikuwa Asanha Bucha, siku Wathai wanapokumbuka mahubiri ya kwanza ya Buddha kwa wafuasi wake watano. Kesho yake Khao Phansa, watawa wanaanza miezi 3 ya kutulia hekaluni msimu wa mvua. Kisha wikiendi. Ofisi inafunguliwa Jumatatu, mimi nishasafiri.

Uwanja wa ndege habari ya sikukuu haikunisaidia kitu. Baht 500 kwa kila siku iliyozidi, siku 3, nikatoa baht 1,500. Usingoje siku ya mwisho. Narudia, usingoje siku ya mwisho.

Sisi tumezoea Idd, tunakesha kusubiri mwezi uandame. Huku sikukuu za Kibuddha hufuata mwezi mpevu, lakini mwezi umeshapigiwa hesabu na kalenda imechapishwa mapema. Kuna nyingine kama hizo: Makha Bucha huwa Februari au Machi, Visakha Bucha mara nyingi Mei, Asanha Bucha mara nyingi Julai, na tarehe huhama kila mwaka. Ikiangukia wikiendi, hufidiwa siku ya kazi inayofuata.

Nyumbani waliniuliza, "Huna mtu wa kukufungulia?" Ndugu zangu, mtu huyo huku hayupo. Mthai atakukatalia huku anatabasamu, nasi tunadhani ametuachia mwanya. Hajaacha. Kabla ya kumkatia mtu tiketi, mwombeni picha ya muhuri wake.

Pesa toa benki mapema, kabla ya sikukuu. Bia siku hizo usitegemee, maduka mengi hayauzi.

Jioni ile ya Asanha Bucha nilikwenda hekaluni, mabega na magoti yamefunikwa. Watu walilizunguka jengo mara 3, wamelielekezea mkono wa kulia, wameshika mshumaa, udi na ua la yungiyungi. Watoto wamo, na hakuna kipaza sauti kinachopiga kelele. Utulivu ule niliuheshimu, na natamani sikukuu zetu zingebakiwa nao kidogo.

Siku hizi naenda uhamiaji wiki mbili kabla. Hupotezi kitu, maana siku 30 za nyongeza huanza kuhesabiwa pale muhuri wa zamani unapoishia.