Mtori bila maziwa: kumpikia mama anayemnyonyesha mtoto mwenye mzio

Hapa Kilimanjaro mzazi hupewa mtori tangu siku za mwanzo: ndizi, nyama yenye mifupa, na mwishoni kikombe cha maziwa au donge la siagi. Ni chakula kizuri mno. Ila mtoto akiwa na mzio wa maziwa ya ng'ombe, protini ya maziwa aliyokula mama hupenya kidogo kidogo kwenye ziwa, na tumbo la mtoto linaikataa. Ndipo utasikia, "Maziwa yako mabaya, mwachishe." Tafadhali usimwachishe. Mtoto aendelee kunyonya, sisi tubadilishe kinachoingia kwenye sufuria ya mama.

Hatua ya 1: Anza kwa daktari

Dalili zinazotufanya tushuku mzio ni damu au ute kwenye choo, kutapika kupita kawaida, na pumu ya ngozi isiyopoa. Kulia peke yake hakutoshi, kwani watoto wengi hulia sana miezi mitatu ya mwanzo. Damu ikija na homa huenda ni maambukizi. Midomo ikivimba, pumzi ikibana au mtoto akilegea, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 2: Ondoa kitu kimoja tu

Nimewahi kumkuta mama aliyekatazwa maziwa, mayai, samaki, karanga, maharage, hata nyanya. Alikuwa anakula ugali na mboga ya chumvi, huku mwili wake ukihitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku ili anyonyeshe. Iliniuma sana. Kama daktari ameshuku maziwa, ondoa maziwa, vingine viache mezani.

Ya mbuzi usiyategemee, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Kuyachemsha sana hakusaidii, na yale yasiyo na laktosi, yaani sukari ya maziwa, bado yana protini ileile. Nyama ya ng'ombe watoto wengi wenye mzio huu haiwadhuru.

Hatua ya 3: Kagua jiko kwa macho

Nyumba moja tulifika wiki ya tatu tangu mama aache maziwa, damu bado ipo kwenye choo cha mtoto. Nikamuuliza bibi anayempikia mzazi kama anaweka maziwa. "Mwanangu, maziwa sijagusa tangu ulivyosema." Nikamwomba apike nikiwa nimekaa pale jikoni. Mtori ulipoiva akafunua kopo, akachota kijiko kilichojaa siagi na kukizamisha katikati ya sufuria. Hakunidanganya. Kwake maziwa ni yale ya kunywa, siagi ni siagi. Kosa lilikuwa la swali langu.

Tangu hapo nataja kimoja kimoja: siagi, samli, mtindi, maziwa mgando, jibini, maziwa ya unga. Halafu vya kununua: mkate, maandazi ya jirani, biskuti, soseji, majarini, viungo vya supu vya pakiti. Soma maandishi ya nyuma, na cha jirani uliza kimekandwa na nini.

Hatua ya 4: Pika mtori wenyewe

Nyama yenye mifupa nusu kilo, ndizi mshare kumi, kitunguu, nazi moja, chumvi, pilipili manga kidogo.

Chemsha nyama na kitunguu mpaka ilegee kwenye mfupa. Wakati huo paka mafuta mikononi umenye ndizi, maana utomvu wake haubanduki, na uzitumbukize kwenye maji zisiwe nyeusi. Ikune nazi, kamua tui zito uliweke kando, kisha kamua tui jepesi.

Toa mifupa, weka ndizi kwenye supu pamoja na tui jepesi, funika. Zikiiva hadi mwiko unazama bila kusukuma, ponda ukiacha vipande vidogo vya nyama. Sasa punguza moto kabisa, mimina tui zito na ukoroge mfululizo upande mmoja. Ukiliacha lichemke kwa nguvu linakatika, mafuta yanaelea juu na ule ulaini unapotea. Likianza kutoa mapovu madogo pembeni, epua.

Hatua ya 5: Fidia kilichoondoka

Tui linatoa utamu na nguvu, lakini kalisi, madini ya kujenga mifupa, karibu halina, wala protini ya kutosha. Kwa hiyo asubuhi mpe uji wa ulezi, nafaka yenye kalisi nyingi kuliko mahindi au mchele. Mchana dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na majani ya kunde. Mayai na maharage yaendelee. Ikiwa dagaa hapendi, muulize mtaalamu wa afya kuhusu vidonge vya kalisi.

Hatua ya 6: Rudisha maziwa

Hatua hii wengi wanairuka, na mama anajinyima mwaka mzima bure. Baada ya wiki mbili hadi nne, mtoto akiwa ametulia, mama anywe tena maziwa kila siku kwa wiki moja, nanyi mwandike choo na ngozi vilivyo. Kama dalili za mwanzo zilikuwa kali, jaribio hili lifanyike chini ya daktari tu.

Zisiporudi, mtori wa siagi urudi jikoni. Zikirudi, maziwa yakae pembeni, na mtoto atakapofika miezi sita uji wake nao upikwe bila maziwa mpaka daktari apange siku ya kumwonjesha.