Faili zenye majina magumu kwenye Linux: mambo ya kuzingatia kabla ya kuchomeka flashi

Katika vyumba vya kuchapa na fotokopi vya Bukavu, faili nyingi hupewa majina ya Kifaransa yenye nafasi, herufi zenye alama, na hata saa: “PV réunion 14:30.odt”, “Reçu n° 7.pdf”. Linux huyapokea yote, kwa sababu ndani ya jina hukataa vitu viwili tu: mkwaju na baiti sifuri. Taabu hutokea upande wa flashi, kwa hiyo ichunguze flashi kwanza.

Andika `lsblk -f` utazame safu ya FSTYPE, yaani aina ya mfumo wa faili ulio kwenye flashi. Ukikuta ext4, majina yatapita kama yalivyo. Ukikuta vfat au exfat, nukta pacha, alama ya kuuliza, nyota, mstari wima, alama za kunukuu mbili, mkwaju wa kinyume na alama za < na > hazipiti. Cha kuogopa ni kwamba `cp -r`, amri ya kunakili folda nzima, haisimami ikikwama. Huandika “Argument invalide” (hoja batili) kwa faili moja, huiruka na kuendelea na nyingine mia, na ule ujumbe hupanda juu ya skrini bila mtu kuuona. Basi zitafute mapema:

`find . -name '*[:?*"<>|\\]*'`

Zitakazotokea zipe majina mapya kwenye nakala, si kwenye asili: 14:30 iwe 14h30, inasomeka vilevile.

Flashi hizo pia hazitofautishi herufi kubwa na ndogo. “Facture.pdf” na “facture.pdf” ni faili mbili kwenye Linux, lakini kwenye flashi ni jina moja, na ya pili inaweza kuandikwa juu ya ya kwanza. `find . | sort -f | uniq -iD` huonyesha jozi za namna hiyo.

Penye kazi kubwa ni herufi zenye alama. Faili iliyotoka kwenye kompyuta ya zamani huonekana “Re?u.pdf”, na wengi hudhani imeharibika. Yaliyomo ni mazima. Ni jina tu limeandikwa kwa usimbaji mwingine, yaani namna nyingine ya kugeuza herufi kuwa namba. Andika `LC_ALL=C ls -b` usome namba iliyo mahali pa ç. Ukiona `\303\247`, hiyo ni UTF-8, usiiguse. Ukiona `\347`, jina ni la ISO-8859-1. Ukiona `\207`, yaelekea ni CP850 ya Windows ya zamani, ambayo hutokea sana kwenye faili za zip. Ukishajua, tumia convmv, programu ya kubadilisha usimbaji wa majina ya faili. Isakinishe wakati intaneti ipo:

`convmv -f iso-8859-1 -t utf-8 -r .`

Ikiandikwa hivyo haibadilishi kitu, inaonyesha tu itakachofanya. Soma orodha yote, na Reçu ikisomeka Reçu, rudia amri ukiongeza `--notest`. Ukikosea usimbaji wa mwanzo utapata jina jingine bovu, na kulirudisha ni kazi zaidi. Tusiharakishe hapa.

Jina linaloanza na kistari, kama “-final.pdf”, cp hulidhani ni chaguo lake na kujibu “option invalide”. Andika `cp -- -final.pdf` au `cp ./-final.pdf`, kisha mahali pa kupeleka. Kwenye skripti, weka kila kigeuzi ndani ya alama za kunukuu, `"$f"`, la sivyo nafasi italikata jina vipande. Na urefu una mpaka: baiti 255 kwenye ext4, na é moja hula baiti 2.

Kama faili zitarudi kwenye Linux nyingine, usihangaike kubadilisha majina. Zifunge kwa `tar -cf hati.tar folda/`, zote ziwe faili moja, na majina yatasafiri ndani ya tar hiyo bila flashi kuyaona. Tar ikifikia GiB 4, vfat haiipokei. Ikate kwa `split -b 3G`.

Umeme ukikatika katikati, au flashi ikichomolewa kabla ya `umount` (amri ya kuitoa kwa usalama), faili inaweza kuwa na jina kamili na yaliyomo nusu. Kwa hiyo hesabu pande zote mbili kwa `find . -type f -printf x | wc -c`, ambayo haidanganywi na jina lolote, kisha endesha `diff -r`, inayolinganisha yaliyomo, kati ya folda uliyonakili (ile yenye majina mapya, kama uliyabadilisha) na ile ya kwenye flashi. Ikikaa kimya, toa flashi kwa `umount`, ndipo uichomoe.