Podikasti ya kesi za kweli: ninavyoiandaa hapa Dar

1. Chagua kesi iliyokwisha kuhukumiwa. Inayoendelea iache kwanza. Kesi nyingi za mauaji za hapa mjini huanzia Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, na pale mshtakiwa hatakiwi kujibu lolote, maana mahakama ile haina mamlaka ya kuisikiliza. Mitandaoni utakuta "kanyamaza, basi ndiye!" Kanyamaza kwa sababu kaambiwa asijibu.

2. Soma hukumu yote. Nyingi zipo TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure. Usikomee kurasa za mwanzo: hapo jaji anaeleza upande wa mashtaka ulivyodai, bado hajasema anachokiamini. Mimi huanzia mwisho, kisha narudi juu na kalamu nyekundu. Angalia na kosa lenyewe. Kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia ni makosa mawili kwenye Kanuni ya Adhabu. La kwanza adhabu yake ni kunyongwa. Kesi ya kifo cha mwigizaji wa filamu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, ilianza na shtaka la mauaji. Hukumu ya Novemba 2017 ikawa ya kuua bila kukusudia. Ukishika magazeti ya 2012 peke yake, utasimulia kesi nyingine.

3. Watafute ndugu wa marehemu. Pitia kwa mtu wanayemwamini, na mara ya kwanza kinasa sauti kibaki nyumbani. Wakikataa, shukuru uondoke.

4. Usitie sauti ambazo hazimo kwenye ushahidi. Hili nililipata kwa aibu. Kipindi changu cha pili nilipachika ukelele wa mwanamke, sekunde nne tu, ili kunoge. Dada wa marehemu akanipigia: "Kaka yangu, mdogo wangu hakupiga kelele. Sisi tulikuwa chumba cha pili. Sasa watu wanatuuliza mbona hatukutoka." Sikuwa na jibu. Nilikifuta usiku uleule. Siku hizi naweka mvua ikiwa shahidi alitaja mvua, basi.

5. Rekodi. Chumba kidogo, khanga ukutani, feni izimwe (utalowa jasho, vumilia), saa nane usiku bajaji zikishapungua.

6. Fuatilia rufaa. Mahakama ya Rufani ikimwachia mtu huru, usingoje kipindi kipya. Fungua kile cha zamani, rekodi dakika moja ya marekebisho, uiweke mwanzoni kabisa, kabla ya muziki.